Kiganja Ndani ya Madigadi

Kaka yangu alikufa Jumamosi asubuhi, gari likiwa na matairi matatu makubwa na moja dogo.

Tairi kubwa la nne alikuwa amelisimamisha ukutani karibu na bomba, bado limezungushiwa nailoni ya dukani. Wakati wa msiba viti havikutosha, na mzee mmoja ambaye sikumjua alililaza chini akalikalia. Alikaa hapo kutwa nzima, kofia yake magotini. Alipoinuka kuaga, nailoni ilikuwa imepasuka, na ndipo nilipokumbuka kwamba kile hakikuwa kiti.

Nieleze kwanza habari ya matairi. Figo za mama yetu zimechoka. Mara mbili kwa wiki lazima afike hospitali akasafishwe damu kwa mashine. Akikosa siku moja, miguu yake huvimba hadi ngozi ikang'aa, na pumzi humtoka kama mtu aliyepanda mlima akiwa amelala kitandani. Kutoka kwetu hadi barabara ya lami ni njia ya mawe, na katikati kuna mteremko ambao mvua zimeukwangua mpaka umebaki mifupa mitupu. Gari letu nalo ni aina ile ambayo kwa mbali ni gari la porini, jipu kabisa, ukisogea karibu unaona ni gari dogo lililovaa viatu vya kuazima. "Hili ni jipu la kuendea harusini," kaka alizoea kusema. "Ukilionyesha jiwe linapiga magoti."

Mvua zilizopita lilipiga tumbo kwenye mteremko ule. Sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, ikatoboka, tukakwama pale na mama ndani, maji yanapita chini ya milango, mpaka zamu yake ya mashine ikapita. Alilazwa. Siku aliporudi nyumbani, kaka alisimama mbele ya gari akalitazama kama mtu anayemtazama mdeni. Akasema mvua nyingine haitalikuta hapo chini.

Alikuwa fundi wa magurudumu katika karakana moja kando ya barabara kuu. Kazini walimwita Gunia, na hata sisi nyumbani tulimwita hivyo tukitaka kumchokoza. Alikuwa mnene tangu utotoni. Akiingia garini, gari liliinama upande wake kama linataka kumnong'oneza mtu neno. Kidole chake cha kati cha mkono wa kulia hakikuwa na ncha; mashine ya kuvulia matairi iliondoka nayo alipokuwa bado anajifunza kazi. Alisema ilikuwa karo ya shule.

"Kuvalisha gari matairi makubwa si kazi," alituambia. "Kazi ni yasilile gari, na gari lisiyale."

Tairi kubwa, gari likisimama, linaonekana limekaa sawa. Lakini ukikata kona kali, au gurudumu likipanda jiwe na springi ikabonyea, tairi linaingia ndani ya madigadi, lile bati linalolifunika kwa juu, na kusugua plastiki iliyomo. Likisugua kila siku linaliwa ubavuni, na siku linapopasuka halichagui mahali. Ndiyo maana hakuchukua makubwa sana. Muuza duka alimwonyesha mengine manene zaidi, ya kutisha watu, naye akacheka, "Tamaa mbele, mauti nyuma." Akachukua yaliyozidi ya zamani kwa kiasi tu. Akaziongezea springi vipande vya mpira mgumu ili gari linyanyuke. Kilichobaki kilikuwa kupima.

Namna yake ya kupima haikuwa ya kubahatisha. Aliponda chaki, akailowesha kwa maji kidogo, akapaka ndani ya madigadi. Halafu alitaka gari lijae watu, wale wale watakaolipanda. Jumamosi ile, baada ya chai, alituita uani.

"Pandeni wote."

"Na bibi?" aliuliza binti yake.

"Na bibi. Gari halipimwi likiwa tupu halafu likapande mlima na ukoo mzima."

Tukapanda. Mama alikaa mbele kwa sababu ya miguu yake. Nyuma tulikaa mimi, wifi yangu, na binti yao katikati yetu. Kaka aliingia mwisho, gari likainama, wifi akaniegemea.

"Tumezama," wifi alisema. "Walio mbele wasalimieni samaki."

"Mke wangu, wewe ulipoolewa hukuuona mwili huu?"

"Niliona nusu. Nusu nyingine umeiagiza baadaye."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kaka alikuwa ameweka kipande cha gogo mbele ya gurudumu la upande wake. Akaliwasha gari, akalipandisha juu ya gogo polepole, kisha akageuza usukani hadi mwisho. Tulisikia sauti: kwaruuu, kama ukucha juu ya ngozi ya ngoma.

"Huyo hapo," kaka akasema, kama mtu aliyemsikia mwizi darini.

"Dereva, tumefika?" binti aliuliza.

"Tumefika, shukeni. Asiyelipa asinione."

Aliteremka, akaurudisha usukani kwa mkono mmoja dirishani, akachungulia na kuona mahali chaki ilipofutika. Hapo ndipo alipofanya jambo alilolifanya siku zote kazini. Kaka hakuwa mtu wa kuchora mistari. Alichovya kiganja cha mkono wa kulia katika uji wa chaki, akaingiza mkono juu ya tairi hadi bega likagusa bati, akakibandika kiganja pale pa kukatwa. Karakana nzima ilijua: palipo na kiganja cha Gunia, kata.

Alipoutoa mkono aliukung'uta. "Huu mkono mwingine umekuwa mzito ghafla," alisema, akimaanisha wa kushoto. "Nadhani umeona wivu." Akaenda kuketi kwenye ngazi ya mlango wa jikoni. Wifi aliingia ndani kumletea maji. Mimi nilikuwa namsaidia mama kushuka, mguu mmoja chini, mwingine bado ndani, na nilimwona kaka akiegemea fremu ya mlango kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Wifi alitoka na kikombe. Alikishika muda mrefu kabla ya kukiangusha.

Walipomwosha, chaki ilikataa kutoka katika mikunjo ya kiganja. Wakamwacha hivyo.

Baada ya mazishi watu walirudi makwao na gari likabaki uani, pua juu, nyuma upande mmoja umelegea. Mama alianza kwenda hospitali kwa pikipiki. Alikaa katikati, dereva mbele, mimi nyuma nimemzungushia mikono. Kwenye mteremko tulishuka, nikamshika tukautembea. Siku moja goti lilimkatalia, tukaanguka wote wawili kwenye mawe. Alichubuka mkono, ule ule wanaomchoma sindano, na wauguzi wakahangaika kutafuta mahali pengine pa kuchoma. Alfajiri zilianza kuwa na upepo wenye harufu ya udongo uliolowa mbali. Kila mtu aliijua harufu ile. Mvua zikifika, hakuna pikipiki itakayoushuka mteremko ule na mgonjwa.

Nilimwendea Kobe. Kobe alikuwa fundi mwenzake kaka, na jina hilo alipewa na kaka kwa ajili ya mwendo wake wa kazi. Kaka alisema ukimpa Kobe nati moja ya kukaza unaweza kwenda kuoa ukarudi. Lakini aliongeza kwamba nati hiyo wajukuu zako wataikuta imekaza. Kobe alinisikiliza, akafuta mikono, akasema, "Nilikuwa nangoja mniite, dada. Niliona haya kujileta."

Nilichokuwa sijakijua ni kwamba wifi alikuwa amekwisha kukiona kile kiganja.

Kobe alipofika alilaza kitambaa chini, akapiga magoti, akamulika tochi ndani ya madigadi. Kisha akasema taratibu, "Haya. Ameniachia maelekezo."

"Maelekezo gani?" Wifi alikuwa amesimama nyuma yake. Sikuwa nimemsikia akija.

"Hiki kiganja, shemeji. Ndipo pa kukata. Nakata plastiki hii, halafu napiga ukingo wa bati ulio nyuma yake ulale."

"Hukati."

Kobe alizima tochi.

"Shemeji, tairi linagusa hapo."

"Basi weka tairi dogo."

"Tairi dogo ndilo lililowakwamisha."

"Kata juu yake. Kata chini yake. Gari zima hilo, hakuna mahali pengine pa kukata?"

Nilimshika wifi mkono nikampeleka jikoni. Nilimwambia nilichokuwa nacho: kwamba mama ameanguka, kwamba mvua zinakuja, kwamba ile ni chaki tu, na maji ya tope la kwanza yataisafisha hata tusipokata.

"Haitafutika," alisema. "Nimeipulizia rangi ile isiyo na rangi, ya kopo, aliyokuwa anapulizia rimu. Imekauka juu yake."

Nilitazama vidole vyake.

"Wewe una picha zenu za utotoni," aliendelea, bila kupandisha sauti. "Una pua yake hapo usoni. Ukicheka, unacheka kama yeye, ndiyo maana siku hizi sikuchekeshi. Mimi nina nini? Nguo zake zimeanza kunuka kabati. Kila asubuhi nikitoka kufagia naingiza kichwa mle, naweka mkono wangu juu ya ule. Kidole cha kati kinapita kile chake. Ni mahali pamoja tu, wifi. Mmezika kila kitu."

Sauti ya mama ilitoka chumbani, mlango ukiwa wazi. "Anayepanda pikipiki ni mimi, na sijalalamika. Msinifanye mimi fimbo ya kupigania."

Nilimwachia wifi mkono.

"Mkwe wangu," mama aliita.

"Abee, mama."

"Njoo uninyanyue."

Wifi alimnyanyua. Wakatoka pamoja hadi uani, mama akamuuliza Kobe kama kuna njia nyingine. Kobe alikuna shingo. Alisema kuna jambo moja: kaka alipima gari likiwa bado na tairi dogo nyuma upande mmoja. La nne likikaa mahali pake, mkao wa gari utabadilika kidogo, na kwa vyovyote yeye hakati kitu cha mtu kabla hajapima upya mwenyewe. "Hata cha Gunia," alisema. "Hasa cha Gunia."

"Na ukipima likagusa?" wifi aliuliza.

Wifi alimtazama mama, akatazama bandeji kwenye mkono wake, akasema, "Likigusa, kata. Lakini mimi sitakuwepo hapa nikiangalia."

Kobe alichukua muda wake. Alifungua tairi dogo la mwisho, akavalisha kubwa, akakaza nati zote, akazirudia tena zote. Kisha akaponda chaki. Aliipaka kuzunguka kile kiganja kwa ncha ya kidole, bila kukigusa, kama mama anayempaka mtoto dawa pembeni ya kidonda. Akaleta lile gogo.

"Sasa pandeni. Ila kiti cha dereva kinataka uzito. Tunaweza kuweka pale magunia mawili ya—"

Alijisikia mwenyewe. Alisimama na mdomo wazi, chaki vidoleni, na masikio yake yakabadilika rangi.

"Hapana," mama alisema. "Hakuna kuweka kitu. Lipimwe na watu tulio nao. Nani ataendesha?"

"Mimi," nilisema. Kaka alinifundisha kwenye njia ile ile ya mawe, akiwa ameshika breki ya mkono safari nzima kama mtu anayeshika roho yake.

Niliingia. Kiti kilikuwa kimebonyea mahali pake na mimi nikazama ndani ya lile bonde. Usukani ulikuwa mbali, na kioo cha ndani kilikuwa kinatazama mahali ambapo macho yake yalikuwa. Nilibaki nimeshika tu. Wifi, aliyesema hatakuwepo, alikuwa ameingia nyuma na binti yake.

"Sogeza kiti," alisema. "Utaendeshaje hivyo?"

Nikakisogeza. Nikageuza kioo. Binti akanipa mto wa kukalia, ule wa sebuleni. Mama alikuwa mbele pembeni yangu, amefunga mkanda ingawa hatukuwa tunakwenda popote.

Niliwasha, nikalipandisha gurudumu juu ya gogo. Kobe alikuwa ameinama, tochi mkononi.

"Geuza."

Niligeuza usukani hadi mwisho. Tulisikia injini tu.

"Mpaka mwisho, dada."

"Nimefika mwisho."

Kobe aliingiza mkono. Alikaa hivyo. Kisha sauti yake ikatoka chini, nyepesi, ya furaha, sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo. "Haligusi! Kidole changu kinapita katikati. Kinapita kabisa! Shemeji, bahati yako, hapakatwi kitu."

Ndani ya gari hakuna aliyefurahi. Nilimwona wifi kwenye kioo. Alikuwa ametulia sana.

"Hujageuza vizuri," aliniambia.

"Nimegeuza, wifi."

"Geuza tena."

Niligeuza. Kimya.

"Tena. Weka nguvu."

"Hakuna nguvu ya kuweka. Usukani umekwisha."

Alifungua mlango akashuka. Gari likanyanyuka kidogo; nilihisi. Alimsogeza Kobe kwa bega, akapiga magoti pale, akamulika mwenyewe. Nadhani alikuwa anatafuta hata mkwaruzo mwembamba, hata vumbi lililofutika. Chaki ilikuwa nzima pande zote, na kiganja katikati yake kizima, na kidole chake kifupi.

"Asubuhi ile lilisugua," alisema. "Sote tulisikia. Lilisugua hapa."

Kobe alinitazama, kisha akatazama chini. Sura yake ilikuwa imebadilika. Sasa alikuwa ameelewa. Ni binti aliyesema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemkumbusha mtu mzima jambo dogo.

"Mama, siku ile baba alikuwa ndani. Baba ndiye aliyekuwa analiinamisha."

Wifi alibaki amepiga magoti. Aliweka kiganja chake juu ya tairi lenyewe, kwenye ile nafasi iliyobaki kati ya mpira na plastiki, na mkono ukaingia kwa urahisi. Mama alifungua mkanda akataka kushuka amfuate, miguu ikamkatalia, akabaki ameushika mlango.

"Acheni alie," alisema mama. Lakini wifi hakuwa analia.

"Kobe," alisema bila kugeuka. "Kata."

"Shemeji?"

"Kata kama alivyosema. Alisema hapa."

Kobe alichuchumaa mbali kidogo naye. Alizungumza kwa mwendo wake ule wa nati moja. "Alisema hapa kwa sababu mlikuwa watano, na yeye akiwa mmoja wao. Sasa nikikata, nakata plastiki isiyoguswa na kitu. Gunia angenifukuza kazi. Huwa hatukati kisichogusa, shemeji." Akainua kidole kimoja. "Ila niseme ukweli wote. Nafasi iliyopo ni ya kidole. Wa tano akipanda, akiwa mtu mzima mwenye mwili wake, kwenye ule mteremko litagusa. Litaanza kukifuta hicho kidogo kidogo, na tairi litaanza kuliwa. Kwa hiyo chagueni. Ama nikate leo, mpande mnavyotaka. Ama nisikate, na msizidi wanne."

Nilimtazama mama. Mama alimtazama mkwe wake. Upepo ulikuwa umegeuka, na juu ya ukuta mawingu yalikuwa yamekaa kama watu waliokuja mapema.

Wifi alisimama. Alipangusa magoti, moja, halafu jingine. Alikuwa na chaki kwenye shavu.

"Hatuzidi wanne," alisema.

Kobe alikusanya spana zake. Alipokuwa anaondoka alipitia upande ule wa gari, akainama, akamulika mara moja tena ndani, akazima tochi. Gogo aliliacha pale pale. Lipo hadi leo. Binti huketi juu yake akivaa viatu vya shule.

Mvua zilianza wiki iliyofuata. Mteremko tunaushuka polepole, maji yanapita chini ya gari na hayagusi milango. Mama hajakosa zamu, ingawa daktari amesema figo hazitarudi. Mimi naendesha nikiwa nimekalia mto, mama pembeni yangu, na nyuma wifi na binti, ambaye tunamshusha shuleni. Tukifika kwenye kona ya mwisho kabla ya lami, pale ambapo usukani lazima ugeuzwe wote, wifi huacha kuzungumza, na sote husikiliza. Huwa hatusikii kitu.

Siku za hospitali kuna jirani ambaye husimama mwanzo wa njia ya mawe na mwavuli. Naye ni mgonjwa, naye anakwenda huko huko. Hutupungia mkono. Kiti cha nyuma, upande wa dirisha, kina nafasi, na anaiona. Tunapunguza mwendo, wifi anateremsha kioo, anamwambia gari limejaa.